Salamu Saba Kwenye Koili ya Ndoo

Usingizi wa kuamkia leo ulinichukua na miwani usoni, nikaota transista wote niliowaua wamekuja nyumbani kunijulia hali.

Walikuwa kumi na mmoja. Nasema niliowaua kwa sababu ni mimi, hilo silifichi, mkono wangu ndio uliowasha swichi. Walikuja wamevaa nguo nyeusi za heshima, bati linang'aa mgongoni, kila mmoja na miguu yake mitatu. Walitembea taratibu. Miguu mitatu ina taabu yake, hujui utangulize upi, hata mimi na fimbo yangu nayajua hayo.

"Shikamoo babu," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Karibuni. Kaeni popote, ila msisogelee hiyo pasi ya kuyeyushia risasi, bado ina moto."

Wakakaa ukingoni mwa meza yangu ya ufundi, wakaning'iniza miguu. Ilikuwa mchana, jua liko dirishani, kuku wa jirani wanaparua nje kama kawaida. Sikuona ajabu yoyote. Nilichowaza ni kwamba vikombe vya chai nyumbani viko sita.

Sasa kabla sijaendelea na wageni, niwaeleze nilikuwa katika hali gani, maana ndoto haitoki hewani. Mimi shule niliishia la nne. Nikaajiriwa na reli kufagia chumba cha telegrafu hapa stesheni ya Tabora, na kufagia chumba kimoja hakuchukui siku nzima, kwa hiyo masikio yakajifunza yenyewe ile milio ya nukta na mistari, hadi karani akiugua nakaa mimi. Upande wa pili wa waya, Kigoma, alikuwa Zefania Ntahondi. Tulijuana kwa vidole miaka miwili kabla hatujaonana kwa macho. Nilipomwona nilishtuka kidogo, maana ni mfupi, na mkono wake ulikuwa wa mtu mrefu kabisa.

Telegrafu ikafa, sisi hatukufa. Tulipostaafu tukakata leseni za redio za ridhaa, kila mmoja akajijengea mtambo wake kwake. Kwenye mawimbi mafupi tunasikilizana kama tumekaa benchi moja. Lakini lipo lile wimbi la chini, refu, lenye kilomita mbili na ushee wimbi moja, lile linalotambaa na ardhi kama mtu anayetafuta sindano. Hilo tumelitafuta miaka miwili. Kila Jumapili saa tatu asubuhi Zefania anavaa hedfoni anasikiliza. Na mimi kila Jumapili nikiwa na transista nawasha amplifaya, inanguruma vizuri, sindano ya kipimo inapanda, halafu pa, transista imepasuka. Kisha simu inalia.

"Mtani, nimesikia upepo tu."

"Upepo huo ndio mimi."

"Basi leo ulikuwa umekonda."

Mtaniuliza, simu si ipo, mnahangaika nini. Simu ipo, na tunaitumia. Lakini kwenye simu kuna watu wanatubeba katikati, minara, kampuni, sijui setilaiti. Wimbi hili ni mkono wangu unaugusa mkono wake, hakuna mtu katikati. Na Jumapili ya leo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Watoto wa Zefania wanamhamishia kwao mjini, ghorofa ya nne, na akimaliza tu kusikiliza, waya wake unashushwa. Kule ghorofani ukining'iniza waya, watu wa ghorofa ya tatu wanaanikia nguo. Mimi nami nilikuwa nimebakiwa na transista wawili tu, wapya, ndani ya kiboksi. Wakipasuka hao, basi. Kwa hiyo Jumamosi nzima nilikuwa mezani, hadi mke wangu, Mama Kulwa, akanifukuza nikalale.

Haya, tuwarudie wageni.

Aliyekuwa msemaji wao ni yule wa kwanza kabisa niliyemuua, ana tundu tumboni unaona hadi upande wa pili. Akakohoa, moshi kidogo ukatoka tunduni.

"Babu, hatujaja kulaumu," akasema.

"Maneno hayo nayafahamu. Mama Kulwa huanza hivyo hivyo."

"Tumekuja kukueleza tu kilichotuua. Kazi haikutuua. Kilichotuua ni mizigo iliyorudishwa."

Aliposema mizigo, chumba changu kikawa ofisi ya vifurushi pale stesheni, ile yenye mizani kubwa na harufu ya magunia. Transista wanafanya kazi. Kila mmoja anachukua kifurushi kimeandikwa WATI MOJA, anakisukuma kwenye kidirisha, anachukua kingine. Juu ya kidirisha pameandikwa KWA ANTENA. Wanakwenda haraka, wanaimba kidogo. Kidirisha cha pili kinafunguka. Vifurushi vinarudi. Vile vile, na fundo lile lile, vimegongwa muhuri HAKINIFAI KIPIMO. Vinawaangukia vichwani.

"Tunatuma mia," msemaji akaniambia huku kifurushi kimemkalia begani. "Antena anapokea kumi. Tisini zinarudi zilikotoka, na zilikotoka ni hapa. Wewe ungefanyaje?"

"Ningepasuka."

"Tukapasuka."

Nikakaa juu ya mizani. Ikaonyesha kilo sifuri, nikaona sawa.

"Na kwa nini anakataa?" nikauliza.

Wakatazamana. Mmoja wa nyuma, yule niliyemuua mwezi wa nne, akanong'ona kwa sauti ya kusikika: "Eti anauliza kwa nini."

"Babu," msemaji akasema, "umeposa bila mshenga. Umechukua waya kutoka kwetu ukaunga moja kwa moja kwa binti wa watu. Hujabisha hodi, hujatuma mtu. Wewe binti yako ungemtoa hivyo?"

Hapo niliona haya, nawaambia kweli. Mimi mwenyewe nilipomtaka Mama Kulwa, mshenga wangu alikwenda mara tatu, na mara ya kwanza alirudi na kiatu kimoja. Nayajua mambo haya. Ila sikuwahi kufikiri yanahusu waya.

"Mshenga nampata wapi saa hizi?"

"Nipo hapa," ikasema sauti kutoka kwenye droo.

Nikafungua droo. Ametoka mzee mmoja wa duara, mweusi, mzito, ana tundu katikati badala ya tumbo, na amejifunga waya mbili za shaba, mmoja mnene mizunguko mitatu, mwingine mwembamba mizunguko tisa. Nilimnunua mwaka juzi kwenye vyuma chakavu nikadhani ni pete ya kupambia.

"Transfoma," akajitambulisha. "Washenga wa pande zote wananijua. Tatizo lenu ni dogo. Hawa vijana wako wanasema kwa msuli mwingi na kimo kidogo. Kule anataka kimo kikubwa na msuli kidogo. Wao wakisema neno moja, mimi nalipokea huku, nikifika kule nalinyanyua mara tatu juu, nalipunguza mara tatu nguvu. Neno ni lile lile."

"Na wewe huongezi cha kwako?"

"Siongezi. Napunguza kidogo tu, ya soda. Utaiona, nitapata joto."

Tukakubaliana. Nikawatoa wale wawili wapya kwenye kiboksi, hawajawahi hata kuona umeme. Marehemu wakawapanga mstari, wakawafuta vumbi, wakawaambia msiogope, leo kuna mshenga.

Akabaki bwana harusi. Wimbi.

Mlango unafunguliwa na Wimbi linaingia. Kichwa kinaingia, kinyenyekevu, kinainama kisigonge kizingiti. Mabega yanaingia. Linaendelea kuingia. Tunasogeza viti. Linaingia. Naenda jikoni, nabandika maji, yanachemka, narudi, linaingia bado.

"Samahani babu," Wimbi akasema. "Mimi nina kilomita mbili na mita mia mbili. Mkia wangu uko stesheni. Treni ya mizigo imesimama kunipisha."

"Hakuna neno, mwanangu. Pita tu."

"Na wadogo zangu wamenifuata."

Nikachungulia. Ni kweli. Nyuma yake kuna mdogo wake nusu ya urefu wake, anayefuata ni theluthi, na wengine wafupi wafupi wa kelele, hawajaalikwa na mtu. Yule wa theluthi namfahamu. Mwezi uliopita alipenya kwenye redio ya jirani yangu Mama Ngusa, katikati ya matangazo ya vifo, akapiga mluzi. Mama Ngusa hakusikia jina la kijiji sawasawa, akabeba sufuria la wali akaenda kwenye msiba usiokuwapo. Wali ukaliwa, lakini aibu nilibeba mimi.

"Wewe huendi," nikamwambia.

"Kaka anakwenda."

"Kaka yako ana leseni."

Mlangoni nilikuwa nimeweka koili tatu na kapasita zake, vichujio, na sasa vimesimama kama mama watatu wa kamati wenye kijiti cha kupimia. Mrefu akipita wanamwinamia. Mfupi akija wanampima, wanatikisa kichwa, wanamrudisha kwa mgongo wa mkono bila hata kumtazama. Wadogo wakaanza kulia. Niliwatandikia kwenye bati la kupozea, wakalala, bati likawa na joto kama tumbo la mbwa.

Tukaondoka. Nilifungua mlango wa uani, na nje ya mlango ni juu kabisa, kati ya mikaratusi yangu miwili nilikofunga waya. Pale juu ya waya wametandika mkeka, kuna birika na vikombe. Tukakaa. Chini naona paa langu, nikaona misumari miwili imeng'oka, nikajiambia nitapigilia Jumatatu.

Antena akaja. Mwembamba, mita arobaini, ana adabu lakini mkavu. Transfoma akajongea, akasema maneno yote ya ushenga, kwa kimo mara tatu na kwa upole mara tatu kama alivyoahidi. Antena akasikiliza hadi mwisho.

"Nimemsikia," akasema. "Zamani nilikuwa simsikii, nilikuwa nasikia watu wanasukumana tu. Lakini mnitazame. Mimi mita arobaini. Yeye mkia wake uko stesheni. Nikisimama naye watu watasema nini?"

"Watasema umebeba fimbo," Transista wa mwezi wa nne akasema. Akafinywa.

"Si ndiyo maana una shangazi," akasema Transfoma. "Shangazi akisimama nyuma yako, unakuwa mrefu unavyotaka."

"Shangazi ninaye. Ila kanuna. Shangazi akikataa, na mimi nimekataa."

Shangazi ni ndoo. Ile ndoo nyeupe ya rangi, lita ishirini, niliyoizungushia waya wa shaba kutoka chini hadi juu. Bila hiyo koili, waya mfupi hauwezi kubeba wimbi refu, hilo nililisoma na kulielewa. Alikuwa amekaa pembeni ya mkeka, ametupa mgongo.

"Shangazi, kuna nini?" nikauliza.

"Hesabu."

"Nilihesabu mia na arobaini. Kitabuni wameandika mia na arobaini."

"Ulihesabu mia na arobaini. Ukanifunga mia na arobaini na salamu saba."

Nilijua anasema nini. Ndoo ile niliisuka barazani, penye mwanga. Na barazani watu wanapita. Mtu akikusalimu huwezi kumwambia nahesabu, utaonekana umepata pesa. Unaitika, unauliza ya nyumbani, anakuuliza, unamaliza. Ukirudi kwenye ndoo hukumbuki kama mzunguko ule ulikwisha kuuhesabu au bado. Mimi kila mara niliongeza mmoja kwa tahadhari. Nilidhani tahadhari haina madhara.

"Nizitoe?" nikasema.

"Moja moja. Na kila moja uiitikie upya. Mimi siachii salamu hivi hivi."

Nikashika ncha ya waya, nikaanza kukunjua. Mzunguko wa kwanza ukasema kwa sauti ya katekista wetu: "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

Ukatoka. Wa pili na wa tatu walikuwa watoto wa shule, shikamoo, shikamoo, marahaba, marahaba, ikatoka yote kwa pamoja. Wa nne ni Mama Ngusa.

"Mihayo, mmeamkaje?"

"Tumeamka salama."

"Mama Kulwa?"

"Mzima."

"Goti lake?"

"Linapanda ngazi siku hizi."

"Kulwa na Doto wanapiga simu?"

"Doto anapiga. Kulwa anatuma salamu kwa Doto."

"Mahindi?"

Tulikwenda hivyo hadi mbuzi, hadi mbuzi wa kaka yake, hadi yule dume aliyeuzwa. Jua likahama kutoka mkaratusi huu hadi ule. Wimbi alisubiri kwa adabu, ila mkia wake kule stesheni watu walianza kuukalia. Mwisho akasema haya baba, kazi njema, ukatoka.

Wa tano alikuwa muuza karanga. "Mzee, unasuka nini hicho?"

"Ndoo."

"Ya nini?"

"Ya kuongea na Kigoma."

"Haya mzee wangu. Pole."

Wa sita: "Baba Kulwa, chakula tayari."

"Nakuja," nikasema.

Mzunguko haukutoka.

"Siku ile ulisema hivyo hivyo," Shangazi akasema. "Hukuja."

"Nilikuja."

"Ulikuja ugali umekuwa tofali. Mwenzako alikaa mezani peke yake, anafunika, anafunua."

Basi nikainuka pale juu ya waya, nikasema kwa sauti kwamba Mama Kulwa unisamehe, nilikuona dirishani unafunika na kufunua na nikaendelea kuhesabu. Ukatoka taratibu, wenyewe.

Wa saba ulikataa. Nikavuta. Nikavuta kwa mikono miwili, marehemu wote wakanishika kiunoni tukavuta pamoja. Hauendi.

"Huo hauna jibu," Shangazi akasema, na sasa alikuwa amegeuka, ananitazama. Sauti imepungua ukali. "Hao wengine uliwaitikia. Huo hukuuitikia kabisa."

Nikauwekea sikio. Ndani ya shaba, mbali, nikasikia: "Upo?"

Ni Zefania. Tangu enzi za reli sisi hatuanzi na kitu kingine. Anagonga UPO, nagonga NIPO, ndipo neno lolote linapita. Hata kwenye simu, hivyo hivyo. Siku ile ya ndoo alinipigia, simu nikaibana kwa bega, akasema upo, na mimi nilikuwa mia na kumi na nane, nimechoka kuongeza mizunguko ya tahadhari. Nikamwambia, "Nahesabu."

Alisubiri. Nilimsikia anapumua. Kisha akakata. Jioni nilimpigia, akanieleza habari za kuhamishwa, kwa utani, akicheka, eti anakwenda kuwa njiwa wa ghorofani. Nikacheka na mimi. Lakini tulianzia katikati. Ile nipo yake sikumpa.

"Nijibu sasa," nikamwambia Shangazi.

"Si kwangu. Salamu ya Kigoma inajibiwa Kigoma." Akalegeza mzunguko ule, ukabaki unaning'inia kama kitanzi. "Nenda nao hivyo. Mimi nimekubali."

Antena akatazama chini, akasema na yeye amekubali. Saa tatu inakaribia. Wale wawili wapya wakasukuma kifurushi cha kwanza, wakafumba macho. Tukasubiri. Hakikurudi. Wakasukuma cha pili. Kidirisha cha marejesho kikabaki kimefungwa, buibui akaanza kukijengea. Marehemu tisa wakashangilia kwa kupiga miguu yao mitatu, wawili wakalia. Mjomba Udongo, ardhi yenyewe, aliyekuwa chini ya yote, akachukua fungu lake kubwa la umeme, kama kawaida yake, hakuna aliyebisha, kiangazi hiki hajanywa kitu.

Nikapanda mgongoni kwa Wimbi.

Tunafuata reli. Tunatambaa. Urambo tunapita, watu wanaanika tumbaku, hawatuoni. Kaliua. Wimbi moja likiisha linaanza lingine, laki moja na elfu thelathini na sita kwa sekunde moja, na kila moja linanisalimia, na mimi sasa nimekoma, naitikia yote. Malagarasi tunalowa miguu. Uvinza kuna harufu ya chumvi. Kila tunapopita Wimbi anapungua. Kaliua alikuwa na mabega. Uvinza ana shingo tu.

Kigoma tukaingia kwa Zefania kupitia waya wake. Tayari kamba ya kuushushia imeshafungwa. Nyumbani maboksi kila mahali, yamefungwa gundi, na moja limeandikwa na mtoto wake BABA, VITU VYA REDIO, HAVIENDI. Mzee mwenyewe amekaa mezani, hedfoni masikioni, mbele yake sahani ya kiporo cha samaki, migebuka kwa mawese. Ndiyo kifungua kinywa chake tangu namjua. Anakula kwa mkono huku anasikiliza, vidole vimekuwa vyekundu hadi kwenye fundo. Nilimpungia. Hakuniona. Alikuwa anasikia upepo tu, nilimjua kwa uso.

"Mwambie," nikamwambia Wimbi. Alikuwa amebaki kama pumzi ya mbu.

"Mimi sijui kusema, babu. Mimi najua kuwapo na kutokuwapo. Kusema ni mkono wako."

"Kigongeo changu, kile cha kupigia nukta na mistari, kiko Tabora."

"Kitazame."

Nikatazama. Meza ya Zefania ni meza yangu. Kona yake ile ile iliyoungua na pasi, na kigongeo changu cha shaba kimekaa pale pale, kati yangu na sahani ya samaki. Nikaketi upande wa pili. Nikagonga polepole, herufi kwa herufi, na kila nukta ikimla Wimbi kidogo.

NIPO.

Zefania akaacha kutafuna.

Nikarudia. Kitanzi kile cha shaba kikanitoka mkononi, sijui kilikwenda wapi, nikasikia tu nimekuwa mwepesi.

"Hiki kidole nakijua," akasema peke yake. "Huyu hujikwaa kwenye P. Tangu treni za mvuke anajikwaa kwenye P." Akavuta hedfoni zikambana zaidi. Macho yakajaa maji, akayaacha. Akanyoosha mkono juu ya meza, hakuupangusa, akashika kigongeo changu, kidole gumba juu kabisa, na akanijibu:

UMECHELEWA MTANI.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limefika magotini. Miwani imenibana pua, nyumba kimya, Mama Kulwa amekwenda misa akaniacha nilale, alidhani ananihurumia. Nikatafuta saa. Saa nne kasoro robo.

Nilikaa kitandani kama mtu aliyeachwa na treni na mizigo yake imo ndani. Dakika arobaini na tano. Nikamwona Zefania kule, kavaa hedfoni, kasikiliza, kasikia upepo, kavua, kawaambia watoto haya shusheni. Simu yangu haikuonyesha kwamba imepigwa. Hata ule utani wa kila Jumapili haukuja.

Nikajikokota hadi mezani. Amplifaya imezimwa, waya wa umeme haujachomekwa ukutani. Transista wale wawili wako kwenye kiboksi chao. Bati la kupozea, baridi. Nikaweka mkono juu ya kigongeo, si kwa kugonga, nilitaka tu kukishika kwa mara ya mwisho kabla sijampigia simu kumwomba radhi.

Mkono ukateleza.

Nikakipeleka dirishani. Juu ya kifungo chake, pale gumba linapokaa, palikuwa na alama ya kidole, nyekundu ya machungwa, imechorwa vizuri mistari yote. Nikanusa.

Mlango ukalia. Mama Kulwa ameingia na kitenge chake cha kanisani, akaniona nimesimama kifua wazi, pua juu ya shaba.

"Baba Kulwa, hata chai hujanywa." Akasogea, akavaa miwani yake, akainama. Mama Kulwa ana pua ya kunusa kiberiti kilichowashwa jana. "Hayo si mawese? Humu ndani si tunapikia alizeti tu. Yametoka wapi?"

"Kigoma," nikasema.

Akanitazama. Akakitazama kigongeo. Kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa usafi, akashika ncha ya kitenge akainyoosha apanguse.

Nikamzuia mkono.

"Acha kwanza, Mama Kulwa," nikasema. "Bado hayajakauka."